Salu na Watu Wasiohama

Kila asubuhi, kabla wakulima hawajaanza kushusha pamba, Salu Maduhu huingia kwenye ghala la chama cha msingi, hushika ndoano ya mizani kwa mikono miwili, hukunja miguu nyuma na kuning'inia. Hutulia kama gunia. Karani wa mizani, Marcelo, huisogelea ile namba, hukunja uso kama hakimu anayesoma hukumu, kisha hutangaza kwa sauti ya kuwafikia hata wapita njia.

"Sitini na moja kasorobo! Pamba safi!"

Salu akiwa amezidi, tangazo hubadilika. "Sitini na mbili. Fifi hii, daraja la chini! Ina maji, ina mchanga. Mwenye mali airudishe nyumbani akaianike."

Watu hucheka, na Salu naye hucheka huku bado ananing'inia. Wakulima wote wa Bariadi huomba Mungu mizani isiwaibie. Salu ni mtu pekee anayeomba imwibie kidogo, kwa sababu yeye ni bondia wa uzito mwepesi, na bondia wa uzito mwepesi akipita sitini na moja huyo si mwepesi tena, ni mnene asiye na kazi.

Kutoka hapo huvuka barabara hadi kwenye banda la dada yake, Nyanjige, anayeuza uji, viazi na michembe kwa wapakiaji wa pamba. Nyanjige hamwulizi kwanza ameamkaje.

"Umekuwa nini leo?"

"Safi, dada."

"Basi kaa, kula michembe. Ungekuwa fifi ungekunywa uji mtupu, tena wa chini ya sufuria."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ukila vichache ukanywa maji, tumbo huumuka kama godoro. Nyanjige humhesabia mdogo wake kila kipande kwa macho, na Salu huiba kimoja dada akigeuka. Wote wawili wanajua, na hakuna aliyewahi kulisema.

Nyanjige ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki kule Lingeka, Nyanjige alikuwa tayari ameolewa mjini. Alikwenda akamchukua Salu, mtoto mwembamba mwenye magoti makubwa, akamleta Bariadi. Ukimwuliza habari za ushujaa wa bondia huyu utotoni, atakuambia bila haya kwamba alikuwa anakimbizwa na jogoo.

"Jogoo mmoja tu," Salu hujitetea.

"Kwani ulitaka wawili?"

Aliyemwona kwamba ni bondia si mwalimu wa ngumi. Ni Hemed, bwana mifugo, mtu wa Tanga aliyeletwa Simiyu na serikali, naye akaizoea Simiyu bila kuacha kuilalamikia. Hemed aliwahi kupigana ulingoni zamani akiwa jeshini, tena alipigwa kuliko alivyopiga, jambo ambalo hulisema mwenyewe. Siku moja alikuwa anasimamia ng'ombe kwenye josho. Salu, aliyekuwa amekuja na ng'ombe wa jirani, alisimama karibu na dume moja lenye wasiwasi, anapiga soga. Dume likarusha pembe. Salu hakuruka. Alirudisha kichwa nyuma kiasi cha upana wa kiganja, pembe ikapita, akamalizia sentensi yake.

Hemed alimwita pembeni. Akampapasa mabega, akamshika viwiko, akamtazama miguu kwa nyuma. Kisha akasema, "Hebu fungua kinywa."

"Kwani unaninunua?" Salu aliuliza.

"Nataka nione kama meno yanalingana. Ukipigwa kidevuni nijue yatakwenda wapi."

Ndivyo ilivyoanza. Wakatengeneza begi la mazoezi kwa gunia lililojazwa mbegu za pamba, wakalitundika nyuma ya ofisi ya mifugo, na kila jioni Salu akawa analipiga huku Hemed akiandika mambo yake kwa kijiti mchangani na kuyafuta kwa kiatu. Mpaka leo Hemed husema maneno ya ng'ombe akizungumza juu ya Salu. Akichoka, "anahema kwa juu". Akiwa na hasira, "yuko kwenye joto". Nyanjige amemkataza lile la pili mbele ya wateja, lakini hasikii.

Salu alishinda mapambano yake yote ya nyumbani. Aliwashinda vijana wa Maswa, akawashinda wa Meatu, akamshinda fundi baiskeli mmoja wa Kalemela aliyekuwa na ngumi nzito kuliko akili. Ulingo ulikuwa turubai na kamba kwenye uwanja wa wazi, viti vya wageni wachache mbele, na watu wengine wote wamesimama. Hapo ndipo lilipokuwepo jambo ambalo hakuna mtu wa Bariadi aliyeliona, kwa sababu kila mtu wa Bariadi alikuwa analifanya.

Usukumani, siku ya mbina baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, Wagika upande huu, Wagalu upande ule. Hakuna mwamuzi wa kuinua mkono wa mtu. Watu wenyewe ndio waamuzi, na kura yao ni miguu. Kikundi kimoja kikinoga, watu huanza kuhama, mmoja, wawili, ukoo mzima, mpaka upande wa pili wanabaki wapiga ngoma na mbwa. Kwa hiyo hata kwenye ngumi watu wa Bariadi walihama. Salu akimpata mpinzani vizuri, watu walizunguka ulingo wakaja kusimama nyuma ya kona yake. Akizubaa, waliondoka bila aibu. Hata wajomba zake waliondoka.

Na Salu, tangu pambano la kwanza, alijifunza kutazama watu kwa pembe ya jicho. Alijua anashinda kama mtu anavyojua mvua inakuja.

Kisha ukaja mwaliko wa Mwanza. Mpinzani alikuwa bondia mzoefu, ulingo ulikuwa ndani ya ukumbi, na watu walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyounganishwa kwa chuma. Nyanjige alikwenda na Marcelo na wenzao wachache wa ghalani, wamevaa nguo za kanisani.

Raundi za mwanzo Salu alimpiga yule mzoefu kama mtu anayekung'uta mkeka. Nyanjige alinyanyuka. Akachukua mkoba wake, akaanza kupita mbele ya magoti ya watu kuelekea upande wa kona ya Salu. Marcelo akamfuata. Wenzao wakamfuata Marcelo.

Mlinzi mmoja aliwazuia. "Mama, mnakwenda wapi?"

"Tunahamia kule."

"Kule kuna nini?"

"Kule ndiko anakoshinda!"

"Mama, kaa kwenye kiti chako. Ukumbi huu hauhamwi."

Wakarudi, wamekanyaga watu mara mbili. Ulingoni nako mambo yakaharibika. Salu alikuwa anapiga na kutazama, anapiga na kutazama. Akaanza kukimbilia ngumi kubwa za kuonekana, akaacha ubavu wazi, na yule mzoefu, ambaye alikuwa amekwisha kata tamaa, akaikusanya upya. Waamuzi wakatoa sare.

Sare na mtu yule haikuwa aibu. Lakini walioiona waliona kwamba Salu alikuwa ameshashika kitu mkononi akakiachia, na Bariadi ikakaa kutafuta sababu. Mjomba Mihayo alisema kijana hana dawa ya mvuto, apelekwe kwa mganga mmoja anayemfahamu yeye. Marcelo alisema ni michembe ya dada. Wapakiaji walisema ni hewa ya ziwa, inalegeza magoti. Hemed alisema ni miguu, na kwa mwezi mzima akamrukisha Salu kamba mpaka kuku wa ofisini wakahama.

Ukweli ulijitokeza wenyewe, wakiwa na vikombe vya uji. Nyanjige alikuwa bado anamlalamikia yule mlinzi wa Mwanza.

"Kijana mdogo kabisa, ananikalisha kama mtoto wa shule!"

"Lakini wewe nawe," Hemed alisema, "ulikuwa unahama kwenda wapi katikati ya pambano?"

"Salu si alikuwa anashinda?"

"Sasa akishinda wewe unahama?"

"Bwana mifugo, wewe huhami?"

Hemed aliweka kikombe chini. Akamtazama Salu, aliyekuwa anaosha mikono. Nyanjige naye akamtazama.

"Salu," Hemed aliita, "kule Mwanza, raundi ya tatu, ulidhani mambo yako yakoje?"

Salu alikausha mikono kwenye suruali. "Nilidhani nimeshindwa. Hakuna mtu aliyekuja."

Hemed alicheka mpaka akapaliwa. Nyanjige hakucheka. Mdogo wake alikuwa na mikono, alikuwa na miguu, alikuwa na meno yanayolingana, lakini jicho la kujiona mwenyewe alikuwa ameliazima kwa watu wa uwanjani. Na kule anakotaka kwenda, watu wote wamekaa.

Haikupita wiki mbili, promota wa Dar es Salaam akapiga simu. Alikuwa ameiona sare ya Mwanza kwenye video, akapenda zile raundi za mwanzo. Alikuwa na nafasi mbili, na Salu achague moja. Ya kwanza ilikuwa kupigana na Tumsifu wa Moshi, namba tatu kwa ubora katika uzito wao. Ya pili ilikuwa kupigana na Januarius wa Morogoro, bingwa mwenyewe, kwa mkanda. Alitaka jibu Jumamosi, kabla jua halijazama.

Banda la Nyanjige likawa baraza. Video za wale wawili zilizunguka kwenye simu mpaka chaji zikaisha.

"Huyu Tumsifu ana mikono mirefu," alisema Marcelo. "Anaweza kukufungia dirisha akiwa barabarani."

"Mrefu huvunjika katikati," alisema mpakiaji mmoja.

"Na huyu Januarius?"

Hapo sauti zilishuka. Januarius hakuwa na mbwembwe. Hakumkimbiza mtu. Alisimama katikati ya ulingo, kimya, kama mamba kwenye lambo, na aliyemfuata kunywa maji ndiye aliyejuta.

"Anapigika," Marcelo alisema hatimaye. "Kila mtu anapigika. Salu akimpiga huyu, mkanda unakuja Simiyu, tunauweka pale ghalani juu ya mizani, hakuna kwenda kwa namba tatu kama mgonjwa anayepanda ngazi moja moja. Januarius!"

"Januarius!" waliitikia wenzake.

Hemed hakusema yupi. Alimwambia Nyanjige pembeni, akiwa ameshika kofia yake: "Mimi namfundisha, ila wewe ndiye uliyemlea. Sitamsainisha pambano ambalo wewe hujaliridhia."

Usiku ule Nyanjige alilala vibaya. Hakuwa anafikiria mkanda. Alikuwa anamfikiria kijana mmoja wa Kahama waliyemfahamu, bondia hodari, aliyepelekwa kwa bingwa kabla hajaiva. Siku hizi ukimsalimia anakujibu salamu ya jana. Anatabasamu vizuri, kijana wa watu, lakini mkewe ndiye anayemfungia kamba za viatu. Nyanjige alikuwa amekwisha kata shauri: atakataa nafasi zote mbili. Salu apakie pamba, aoe, anenepe kama watu wengine.

Jumamosi mchana Hemed aliita watu nyuma ya ofisi ya mifugo. Alikuwa amemleta Onesphory, askari polisi wa Maswa, mrefu na mzito kuliko Salu, aliyekuwa akipigana ngumi za kikosi. Kabla ya kengele, Hemed alipanda juu ya ndoo.

"Jamani, sikilizeni. Leo mtahama kama kawaida yenu, lakini kinyume. Salu akipiga vizuri, ninyi nendeni nyuma ya Onesphory. Mmeelewa?"

Minong'ono ikazuka.

"Tuhamie kwa anayepigwa?" aliuliza Lukresia, muuza karanga. "Bwana mifugo, mimi tangu nizaliwe sijawahi kusimama nyuma ya anayeshindwa."

"Ndiyo maana kila uchaguzi una kanga mpya," alisema Marcelo.

"Na wewe karani wa mizani, si huelekea upande ulio mzito!"

"Jamani!" Hemed alipiga ndoo kwa kisigino. "Ni mazoezi tu."

Kengele ilikuwa kipande cha reli na nyundo. Raundi ya kwanza Salu alianza vizuri mno. Ngumi ya kushoto, ngumi ya kushoto, kisha ya kulia mbavuni, na Onesphory akarudi nyuma hatua mbili. Watu wakatazamana, wakakumbuka amri, wakaanza kujikokota kwenda upande wa polisi, nyuso zimewashuka kama wanakwenda msibani.

Salu aliwaona. Nyanjige aliona jinsi alivyowaona. Mkono wa kushoto ukashuka kidogo, kama mtu aliyesahau alikuwa anatafuta nini, na Onesphory akamgonga kwenye paji la uso mlio ukasikika hadi kwenye zizi. Wanaume wakaguna. Hemed akapiga reli.

 Kwenye kona Hemed alimpa maji tu.

Raundi ya pili mambo yakawa yale yale mwanzoni. Salu alipiga, watu wakahama, sasa wote, hata Lukresia na ungo wake wa karanga. Alibaki Nyanjige peke yake nyuma ya kona ya mdogo wake. Hemed akamtazama, akatikisa kidevu kuelekea kule. Nyanjige alitamani kumpiga na sandali. Lakini alikwenda. Alizunguka kamba polepole, anatazama chini, na kila hatua ilimuuma kuliko zile za siku aliyotoka Lingeka na mtoto mwembamba mkononi. Alipoinua macho alikuwa amesimama nyuma ya mgongo wa polisi, na Salu alikuwa anamtazama yeye moja kwa moja.

Akaona macho ya mdogo wake yanapepesa. Wakati huo huo Onesphory aliingia na ngumi ndefu, Salu akarudisha kichwa nyuma kiasi cha upana wa kiganja, akamtia polisi moja ya tumboni. Onesphory akatoa pumzi, "Hngh!" Sauti ndogo, haikusikika mbali. Salu aliisikia. Nyanjige alijua ameisikia kwa sababu aliacha kumtazama yeye, akamtazama Onesphory usoni, kwa makini, kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Akampiga pale pale tena. "Hngh!" Akampiga tena.

Kuanzia hapo watu wangeweza kuhamia Shinyanga. Wengine walihama kweli huku na huko, hawajui tena amri inasemaje, Marcelo akajikwaa kwenye kamba ya turubai akaanguka juu ya karanga za Lukresia, ukazuka ugomvi mkubwa wa nani azilipe na nani azikusanye, na Salu hakugeuka. Raundi ya tatu Onesphory mwenyewe aliinua mkono akasema inatosha, yeye kesho yuko zamu.

Watu walipiga vigelegele. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na kila mtu alijua ni Jumamosi gani, wakaanza.

"Januarius! Bwana mifugo, piga simu, mwambie Januarius!"

"Amemmaliza polisi, atashindwa na mtu wa Morogoro?"

"Mkanda uje Simiyu!"

Hemed alitoa simu mfukoni. Hakupiga. Alimtazama Nyanjige, na watu wote, wakiona bwana mifugo anatazama wapi, wakamgeukia pia. Marcelo, karanga zimemnata kwenye shati, alisema kwa upole usio wa kawaida yake, "Dada Nyanjige, sema ndiyo."

Nyanjige alikuwa na maneno yake ya kukataa, aliyapanga usiku kucha. Alikuja kwenye kona, akamkuta Salu amekaa juu ya ndoo, glovu zimefunguliwa, uvimbe umeanza kuota kwenye paji lake. Akautazama ule uvimbe. Akachukua kitambaa chenye maji akaubana, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Inauma, dada."

"Nyamaza. Ungekwepa."

Akatambua kwamba tangu simu ile ipigwe, watu wote wa Bariadi walikuwa wamesema nani atamshinda nani: ghala limesema, mjomba amesema, muuza karanga amesema, na yeye mwenyewe kitandani amesema. Mtu mmoja alikuwa hajaulizwa. Kila walipokuwa wanabishana yeye alikuwa anakula michembe na kutazama nyuso zao, aone wengi wameelekea wapi.

Nyuma yake walikuwa bado wanaita jina la Januarius, wamejikusanya wote upande mmoja wa ua kama siku ya mbina. Nyanjige akasimama katikati, mgongo wake ukiwaziba.

"Salu," alisema, "kati ya hao wawili, ni yupi unayejua kwamba utampiga?"

Salu hakuchungulia pembeni ya kiuno cha dada yake. Alifikiri kidogo, anazungusha kifundo cha mkono.

"Tumsifu nitampiga," alisema. "Januarius bado ananizidi."